Wa Kunitwisha

Kiwanda cha korosho kilipofungwa, kilichonisumbua zaidi ya mshahara ni king'ora. Miaka yote ya kazi kilikuwa kikilia asubuhi, na mtaa wetu mzima wa Mkomaindo, pale Masasi, unajua saa. Siku moja kikanyamaza. Mimi nikaendelea kuamka wakati uleule kama mjinga, nikakaa kitandani nimeshika kanga, sina pa kwenda.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kujenga kibanda mbele ya nyumba yako, na kufunga kiwanda pia ruksa. Wenzangu tuliopunguzwa pamoja walitawanyika upesi. Mmoja alikwenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani. Mwingine alianza kukaanga maandazi. Shoga yangu, karani mwenzangu niliyekaa naye meza moja stoo ya kiwanda, alimfuata mwanawe Dar es Salaam, akaniachia kuku wake na ahadi ya kuja kunitembelea. Kuku niliwala. Ahadi sijui imeishia wapi.

Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mwanangu wa pekee alikuwa hukohuko Dar anauza redio. Nyumba ilinizidi ukubwa. Kwetu mtu hasemi kwamba ni mpweke. Akiulizwa habari anajibu, "Nipo nipo tu," na mwenzake anaitikia, "Ndiyo hivyo," basi imekwisha. Hapa naandika, kwa hiyo naweza kusema: nilikuwa mpweke, tena mpweke wa kuongea na sufuria.

Wazo la mlima aliniletea dada yangu, ingawa yeye hakukusudia. Dada ni mkubwa wangu, tumezaliwa wawili tu wa kike, na anaishi kwetu Chilangala, huko Newala, kwenye mikorosho yake. Alikuja Masasi kutibiwa jicho hospitali, akalala kwangu. Nikampa maji ya kunywa. Akayanywa nusu, akayatazama.

"Haya maji yenu yana chuma," akasema. "Maji ni yale ya mwambani, ya mama."

"Hata mimi nayakumbuka."

"Wewe unakumbuka kibuyu," akasema, akacheka mpaka jicho lake bovu likatoa machozi. "Mwenye kibuyu naye ataja maji?"

Ananitania hivyo tangu utotoni, na sina jibu. Inabidi nieleze kwa nini.

Uwanda wetu wa Newala uko juu na ni mkavu. Mvua ikinyesha, mchanga unainywa yote. Maji yako chini ya ukingo wa mlima, ndani ya msitu, yanatoka mwambani. Kabla ya mabomba wanawake waliyafuata hukohuko, na njia zao zilikuwa mbili. Ya kushukia ni fupi na kali. Unashuka na ndoo tupu mkononi, mkono mwingine unashika mizizi. Ya kupandia ni ndefu, inazunguka ubavu wa mlima polepole, kwa sababu mwenye maji kichwani hawezi kushika mzizi. Kwa hiyo safari yenyewe ilikuwa duara. Unatokea upande huu wa kijiji alfajiri, unarudia upande wa pili jua limekwishageuka.

Mama alibeba debe. Dada alibeba ndoo. Mimi nilibeba kibuyu. Kabla sijafikia umri wa ndoo, baba alinipeleka shule ya bweni Masasi, na nikabaki hukohuko, kazi, ndoa, yote. Mabomba yalipofika Newala yalikuwa ya leo yapo kesho hayapo, kwa hiyo mama na dada waliendelea kushuka miaka na miaka. Mama alipofariki dada naye akaacha. Sikumuuliza sababu. Nilidhani ni magoti.

Basi katika ukoo wetu wote, mwanamke ambaye hajawahi kupandisha mlimani ndoo iliyojaa ni mimi peke yangu. Zamani jambo hili halikunigusa, nina kalamu na mshahara, ndoo ya nini? Sasa kalamu haina kazi na mshahara hakuna, na lile neno la kibuyu likanikaa rohoni. Dada alipoondoka niliosha kikombe chake nikaamua: nitaizunguka ile njia yote kwa siku moja, kushuka kwa kushukia na kupanda kwa kupandia, na nitatokeza juu na ndoo iliyojaa. Anayetaka kucheka acheke. Nilihitaji kitu kimoja nikianze mwenyewe na nikimalize mwenyewe, pasipo mtu wa kunibandikia tangazo ukutani kwamba kimefungwa.

Nikampelekea dada salamu kwa mtu wa lori. Jibu likarudi kwa mtu huyohuyo: "Anasema uje, mtashuka wote. Anasema kibuyu uache."

Nikaanza kupanga. Nakuambia nilipanga kama serikali.

Kwanza miguu. Mitumba ilikuwa imefurika Masasi, marobota kwa marobota yanafunguliwa juani, na mimi niliyezoea kandambili nikapekua raba za Wazungu mpaka nikapata jozi moja yenye meno chini. Mwenye meza akaniuliza ni za mwanangu? Nikamwambia ni zangu. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, akanifungia.

Pili pumzi. Asubuhi, saa ileile ya king'ora, nikawa napanda kilima cha mawe nyuma ya mitaa yetu mpaka nusu yake, nageuka. Hili likanitia matatani. Mtu mzima mwenye raba, anapanda kilima peke yake kila siku na kurudi mikono mitupu, katika miaka ile watu wote wanaota mawe ya thamani! Haikupita wiki, jirani yangu mmoja akabisha hodi, akakaa, akazungumzia hali ya hewa kwa muda mrefu, halafu akainamisha kichwa.

"Mama Karani, mimi si mtu wa maneno. Nina sururu mbili na tochi. Tugawane tu."

Nikamwambia natafuta pumzi. Akatabasamu kama mtu aliyeelewa kwamba bei haijafika. Tangu siku hiyo nikipanda nilikuwa naona kichwa chake kwa mbali nyuma ya jiwe. Kwa jinsi nilivyokuwa, nakiri kwamba hata kichwa kile kilinifariji kidogo.

Tatu ikawa njia yenyewe. Nilichora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, nikaenda nayo sokoni kwa akina mama wa Newala wanaoleta ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini ambavyo huchemshwa na kuliwa na chumvi. Nikachuchumaa mbele ya mmoja wao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Chukua fungu."

"Nitachukua. Ile njia ya kushukia majini bado ipo?"

"Ipo ipo. Unafuata nini?"

"Natembea tu."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Natoka kwa dada yangu, nashuka, nazunguka, narudi kwa dada yangu."

Akaangalia wenzake. "Sasa si ubaki tu hapo kwa dada?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Hata hivyo waliniambia ya maana. Njia ya kushukia imeota miiba katikati, nibebe panga. Ya kupandia inapita mtu mmojammoja anayekata kuni, haijafa. Nguruwe wapo, nifanye kelele. Maji bado yanatoka, lakini siku hizi hayatekwi, maana maboza ya wafanyabiashara yanaleta maji mpaka mlangoni kwa mwenye nacho, na asiye nacho anakinga ya mvua. Nikaandika yote pembeni ya ramani.

Nne shingo. Nilinunua ndoo mpya ya bati na kushona ngata nene ya kichwani ya kitambaa cha kanga. Jioni niliweka ndoo juu ya ukuta mfupi wa kibaraza, nikaijaza kwa kopo, nikaingiza kichwa chini yake, nikasimama nayo na kuzunguka nyumba. Mwanzo maji yaliniogesha. Baada ya majuma kadhaa nilikuwa naweza kuzunguka na kurudisha ndoo ukutani bila kumwaga tone. Hapakuwa na wa kuniona. Nilijipongeza kwa sauti, nikaingia ndani kupika.

Msimu wa korosho ulipokuwa umeshika nikapanda lori kwenda Newala, ndoo mapajani, raba ndani ya ndoo. Gari lilipoanza kukata kona za mlima na hewa kubadilika, nilijisikia furaha ambayo sikuwa nayo muda mrefu. Chilangala nilimkuta dada uani anatandaza korosho.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Akaiona ndoo. Akaigonga kwa ukucha, ikalia. "Hee! Kweli umekuja kikubwa."

Jioni ile ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule. Tulichemsha ming'oko ya njiani, tukakaanga korosho, tukanoa panga. Nikamfungulia ramani. Hajui kusoma, lakini aliufuata mstari kwa kidole na kunisahihisha mahali nilipokosea, pale njia inapopita juu ya jiwe la bapa na si chini yake. Alisema alishuka mara ya mwisho kabla hata mvi hazijamtoka. Alisema miguu inamwasha kwa hamu. Tukalala kitanda kimoja kama zamani, na yeye bado anavuta shuka.

Alfajiri nilipofunga raba, akaja mtu kupiga hodi. Kuna lori la mnunuzi limeonekana njia ya kuja, akasema, lakini halijulikani litafika asubuhi au mchana, wala halijulikani litasimama kwa nani.

Zamani chama cha ushirika kilinunua kwa siku yake, mtu anajua. Katika soko huria mnunuzi anakuja anapotaka, anapima, anaondoka, na mwenye korosho asipokuwapo atabaki nazo mpaka Mungu atakapomleta mwingine. Dada alisimama katikati ya magunia yake, amekwishajifunga kanga ya safari.

"Tungoje kesho," akasema.

"Na kesho asipokuwa amekuja?"

Akalipigapiga gunia lililo karibu naye. Nilijua ana haki, na nilikasirika vilevile. Nilikuwa nimeishi miezi mingi kwa ajili ya siku ile moja. Nikachukua panga na ndoo.

"Nakwenda."

"Peke yako?" akasema. "Na ndoo?"

Nikadhani ananitania tena. Nikamwambia, "Leo utaona," nikatoka bila kugeuka.

Njia ya kushukia ilinipokea kwa miiba kama nilivyoambiwa. Nilikata, nikapita, nikashika mizizi ileile, au watoto wa mizizi ile. Niliimba kwa ajili ya nguruwe. Nilipochoka kuimba nikanyamaza, na hapo ndipo nilipousikia msitu. Zamani njia hii ilikuwa na kelele za wanawake juu mpaka chini, matusi ya utani, mtu anamsema mkwe wake, mwingine anamjibu kutoka kona ya chini bila kuonekana. Sasa nilisikia raba zangu tu na ndoo ikigonga mawe. Mara kadhaa nilisimama kumsubiri mtu nyuma yangu, halafu nakumbuka nyuma yangu hamna mtu.

Nilifika chini jua bado la kuota. Niseme ukweli, nililia nilipoyaona yale maji. Mwamba ni uleule, mweusi, una ufa, na maji yanatoka humo bila haraka na kuingia kwenye shimo la ukubwa wa beseni kubwa. Majani yamejaa. Niliyatoa kwa mikono, nikasubiri tope litulie, nikanywa. Hayana chuma. Nikala ming'oko yangu, nikapumzika kwa kufuata mpango, nikajaza ndoo mpaka ukingoni, nikaweka juu tawi la majani mabichi ili maji yasichezecheze. Nikaweka ngata kichwani. Nikachuchumaa.

Na hapo ndipo nilipojua.

Ndoo ilikuwa chini. Kichwa changu kilikuwa juu. Hapakuwa na ukuta wa kibaraza.

Niliishika masikio, nikaiinua mpaka gotini, nikajaribu kuipandisha kifuani. Ikaniegemea, ikanimwagikia, nikaiteremsha kabla haijaniangusha. Nikajaza tena, nikajaribu tena. Nikatafuta gogo ambalo wanawake walikuwa wakitulia mizigo yao, nikalikuta limeoza, limekuwa unga mwekundu na mchwa. Nikatafuta jiwe la kimo cha kiuno, lakini mawe yote palipo tambarare ni mafupi, ya kukalia. Niliandaa miguu, pumzi, shingo, njia, chakula, panga na kelele za nguruwe, na sikumwandaa mtu wa kunitwisha. Mtoto yeyote wa kike wa juu kule angeniuliza hilo kwanza. Karani mzima, na ramani!

Nikakaa kumngoja mkata kuni. Nikaita, "Hodi jamani!" Nikaona haya, nikaita tena kwa sauti zaidi. Mlima ukanirudishia kidogo, kisha ukaacha.

Katika kukaa pale nikamwona mama. Simaanishi kimizimu, namaanisha kukumbuka. Dada alikuwa akimtwisha mama kwanza, wanashika debe wawili, moja, mbili, hewala, juu. Halafu mama, na debe lake kichwani, alikuwa anakunja magoti taratibu, shingo imenyooka, macho yanatazama mbele, anapapasa kwa mikono miwili mpaka anaishika ndoo ya dada, na kwa kujiinua yeye anaiinua na ndoo mpaka kichwani kwa dada. Tone halikudondoka. Mimi nilikuwa nasimama pembeni na kibuyu, nikidhani kazi ni kubeba.

Sikupata mkata kuni. Jua lilipokuwa linapanda nikafanya lililobaki. Nikalitoa lile tawi, nikainamisha ndoo, nikamwaga. Nikajaribu, bado nzito. Nikamwaga tena, mpaka ikafika uzito ambao mtu mmoja anaweza kujitwisha. Ikawa chini ya nusu. Nilikaa muda nikiyatazama yale niliyomwaga yakirudi shimoni. Niliona uchungu kuliko siku ya tangazo la kiwanda, na sidhani kama nilikuwa nazidisha.

Njia ya kupandia ni nzuri, sitaisema vibaya. Inazunguka polepole ndani ya miti mikubwa, ina kivuli, ina pa kupumzikia. Ila ndoo nusu ni mbaya kuliko ndoo nzima. Maji yakipata nafasi yanacheza, yanakupiga huku na kukuvuta kule, tawi linaelea upande, na kila hatua unaogeshwa. Nilipumzika mara nyingi, na kila nikitua nilijitwisha mwenyewe, na kila nikijitwisha yanapungua. Nilipofikia jiwe la bapa nikapita juu yake kama dada alivyosema. Kanga ilikuwa imenigandia mgongoni. Raba za Wazungu zilikuwa zinalia kwikwi kwa maji.

Dada alikuwa amekaa chini pale njia inapotokezea uwandani, miguu ameinyoosha. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Kando yake palikuwa na rundo la maganda ya korosho alizokuwa akitafuna.

"Lori?" nikauliza.

"Halikuja. Limeishia kijiji cha mbele."

Nikatua ndoo mbele yake. Alichungulia ndani. Nilisubiri kicheko, nilikuwa nimekwishaandaa hasira ya kukijibu. Hakucheka.

"Nani kakutwisha?"

"Hamna mtu. Nimepunguza."

Akatia kiganja, akanywa, akafumba macho, lile zima na lile bovu.

"Na mie ndivyo nilivyofanya," akasema. "Mwaka ule wa mama. Baada ya arobaini nikashuka peke yangu, nikakaa pale majini mpaka jua linazama. Nikarudi na robo ya ndoo. Nikasema basi, sishuki tena. Nani angenitwisha, mdogo wangu? Wewe ulikuwa Masasi."

Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, hakuna lawama ndani yake, na hilo ndilo lililonichoma. Miaka yote ile nilikuwa nikidhani mpweke ni mimi, na yeye yuko nyumbani na watu. Nikataka kusema neno, na nilikosa hata lile la "ndiyo hivyo."

Tulikaa mpaka nguo zangu zikaanza kukauka. Halafu dada akaivua ngata kichwani kwangu, akaikung'uta, akaiweka kichwani kwake. Akajisogeza mbele ya ile ndoo, akachuchumaa kwa kuugulia magoti, akanyoosha shingo kama mama. Ndoo yenyewe mtu angeweza kuibeba kwa mkono mmoja.

"Simama vizuri," akaniambia. "Haya, nitwishe."